Imber, Kijiji Kilichobakiwa na Kanisa

Katika uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kipo kijiji cha Imber, kilichokwisha kutajwa katika daftari la mfalme la mwaka 1086. Watu wake waliishi kwa kondoo na nafaka, mbali na miji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wizara ya Vita ilianza kununua mashamba, hata wenyeji wakajikuta wapangaji wa jeshi bila ya kuhama majumbani mwao. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kisa chote.

Tarehe 1 Novemba 1943 waliitwa shuleni, wakapewa siku 47 wahame, ili askari wa Marekani wajizoeze vita vya mitaani kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa. Wengi waliondoka wakiamini watarudi. Husimuliwa kwamba Albert Nash, mhunzi, alikutwa akilia juu ya fuawe yake.

Vita viliisha 1945, kijiji hakikurejeshwa. Mwaka 1961 watu zaidi ya 2,000 waliingia humo kudai haki, wasifanikiwe. Nyumba nyingi zimebomoka. Kanisa la Mtakatifu Giles, la karne ya 13, lingali limesimama ndani ya uzio, na hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka.