Shule ya Biashara ya Strathmore na somo la uadilifu kwa wakuu wa kampuni

Je, mtu mzima aliyekwisha kuwa mkurugenzi anaweza kufundishwa uadilifu? Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Strathmore, jijini Nairobi, imekuwa ikilitafutia swali hilo jibu tangu mwaka 2005. Kwa wafanyabiashara wa Rusizi, ambao hufanya kazi kati ya sheria na mazoea ya nchi mbili, swali hilo lina uzito wa kila siku.

Chimbuko lake

Strathmore ilifunguliwa mwaka 1961 ikiwa chuo cha kidato cha tano na cha sita. Kenya ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza na shule zilitenganisha wanafunzi kwa rangi. Chuo hicho, kilichoanzishwa na waumini wa Opus Dei, jumuiya ya Kanisa Katoliki, kiliwapokea vijana wa rangi zote na wa dini zote. Mwaka 1966 kilianza kufundisha uhasibu, fani iliyokijengea jina. Mwaka 1993 kiliungana na Chuo cha Kianda, kilichokuwa kikiwafundisha wanawake kazi za uhazili, na mwaka 2002 kikaruhusiwa kuendesha masomo ya chuo kikuu.

Shule ya Biashara ilifuata miaka mitatu baadaye, ikishirikiana na IESE ya Barcelona, Uhispania, na Lagos Business School ya Nigeria. Walengwa wake ni watu walio kazini: wakuu wa idara, wakurugenzi na wamiliki wa biashara.

Kujifunza kwa visa

Mafunzo yake hutegemea sana njia ya visa, iliyopata umaarufu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwanafunzi hupewa maelezo ya kampuni iliyokabiliwa na uamuzi mgumu. Huyasoma peke yake, huyajadili na wenzake wachache, kisha darasa zima hujadiliana. Mhadhiri hatoi jibu, bali huuliza maswali mpaka kila mmoja aeleze angefanya nini, na kwa sababu gani.

Chukulia mfano wa meneja ambaye kontena lake limekwama bandarini. Akichelewa, kampuni italipa faini na pengine kupoteza mkataba. Ofisa mmoja anadokeza kwamba "kitu kidogo" kitamaliza tatizo. Darasani, kujibu kwamba rushwa ni haramu hakutoshi. Meneja anapaswa kusema atamweleza nini mteja wake, atamwarifu nani katika kampuni, na kwa nini mkataba wenyewe haukuacha nafasi ya kuchelewa. Lengo ni mtu awe amekwisha kulitafakari jambo hilo kabla shinikizo halijamfika, kwa kuwa anayeanza kufikiri mbele ya kaunta mara nyingi huwa amechelewa.

Gharama ya kukosa uadilifu

Kenya ilionja gharama hiyo katika sekta ya benki. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015, Imperial Bank ikawekwa chini ya usimamizi Oktoba mwaka huo huo, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Katika muda usiofikia miezi tisa, maelfu ya wateja walijikuta hawawezi kuchukua akiba zao.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Rushwa, inayozitaka kampuni binafsi, na si ofisi za serikali pekee, ziwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa na aina ya shughuli zake. Mwenye mamlaka katika kampuni anayejua au kushuku kuwa hongo imetolewa anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Hivyo, jambo lililokuwa likiachiwa dhamiri ya mtu binafsi limekuwa wajibu wa kisheria.

Mipaka ya darasa

Hata hivyo, elimu peke yake si kinga. Jeffrey Skilling, mkuu wa zamani wa kampuni ya nishati ya Enron, alikuwa mhitimu wa shule ya biashara ya Harvard. Enron ilifilisika mwaka 2001 na Skilling akatiwa hatiani kwa udanganyifu mwaka 2006. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, baadhi ya wanafunzi wa Harvard waliandaa kiapo cha uadilifu kwa wahitimu wa usimamizi wa biashara. Kiapo hicho ni cha hiari, na anayekivunja hanyang'anywi shahada.

Mafunzo ya uadilifu huzaa matunda pale kampuni yenyewe inapoyaunga mkono: mkaguzi wa hesabu asiyemwogopa mkurugenzi, bodi inayouliza maswali, na mfanyakazi anayeweza kutoa taarifa bila kupoteza ajira.

Kutoka Nairobi hadi Rusizi

Nchini Rwanda, sheria ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa inahusu pia sekta binafsi, na makosa ya rushwa hayafutwi na kupita kwa muda. Katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 2024, Rwanda ilipata alama 57 kati ya 100, Kenya 32, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 20.

Kwa mfanyabiashara wa Kamembe, Bugarama au Butare wilayani Rusizi anayepeleka bidhaa Bukavu, tofauti hiyo haiko mbali: ni upana wa mto. Si lazima awe na shahada ili kunufaika na somo la Strathmore. Anaweza kuanza kwa kudai stakabadhi ya kila malipo, kutenganisha fedha za duka na za nyumbani, na kukubaliana mapema na washirika wake kuhusu malipo ambayo hawatayatoa hata mzigo ukichelewa.