Dalili za ghasia na usalama wa wasafiri mpakani Sirari

Sirari ni mji wa mpakani katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Ng'ambo yake ni Isebania, katika kaunti ya Migori nchini Kenya. Makala hii inahusu namna wasafiri wa wilaya za Tarime na Serengeti wanavyoweza kutambua dalili za ghasia katika nchi jirani na kujilinda zinapotokea. Mfano mkuu ni ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007.

Eneo la mpaka

Barabara kuu ya kutoka Mwanza hupita Bunda na Tarime hadi Sirari. Upande wa Kenya huendelea kupitia Migori, Rongo na Kisii hadi Kisumu. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, nao uliwakata Wakurya katikati: ndugu wa ukoo mmoja wako Tarime, wengine wako Kehancha. Watu huvuka kwenda sokoni, harusini, msibani, hospitalini na shuleni. Hata wakazi wa Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, hupita Sirari waendapo Kenya, kwa kuwa njia ya Bologonja kati ya hifadhi ya Serengeti na Maasai Mara haitumiki kwa wasafiri wa kawaida.

Kwa sababu ya undugu huo, wengi hawaihesabu Isebania kuwa ni nje ya nchi. Mtu huvuka kwa njia za panya bila hati yoyote na bila kumwaga mtu nyumbani, kana kwamba anakwenda shambani. Siku za amani hasara yake huwa ndogo. Siku za ghasia mtu huyo hana karatasi ya kuonyesha yeye ni nani, na hakuna anayejua pa kumtafuta.

Ghasia za 2007–2008

Wakenya walipiga kura siku ya Alhamisi. Matokeo ya urais yalichelewa, na kila siku iliyopita iliongeza shaka. Jumapili tarehe 30 Desemba Mwai Kibaki alitangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga, akaapishwa jioni hiyohiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zilienea Nairobi, Kisumu, Eldoret na kwingineko. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililojaa watu waliokimbilia humo lilichomwa moto huko Kiambaa, karibu na Eldoret. Mwishoni mwa Januari zamu ikawa ya Nakuru na Naivasha.

Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wapatao 600,000 walihama makazi yao. Maelfu walikimbilia Uganda. Waliovuka kuingia Tanzania walikuwa wachache zaidi. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa huko Kibera, na barabara za magharibi mwa Kenya ziliwekwa vizuizi na vijana waliowataka abiria waonyeshe vitambulisho ili kabila lao lijulikane kwa jina. Uhaba wa mafuta ulifika hadi Kampala na Kigali. Usuluhishi ulioongozwa na Kofi Annan ulimalizika kwa mkataba wa tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika.

Dalili

Ghasia hizo huelezwa mara nyingi kama moto uliolipuka ghafla. Si kweli. Katika Bonde la Ufa mapigano ya kikabila yalikwisha kutokea wakati wa chaguzi za 1992 na 1997. Kabla ya kura za 2007 vipeperushi vya kuwataka watu wa makabila fulani wahame vilikuwa vimesambazwa, jumbe za chuki zilizunguka kwenye simu, na baadhi ya redio za lugha za kienyeji zilitangaza maneno ya uchochezi. Kuchelewa kwa matokeo kulikuwa dalili ya mwisho, si ya kwanza.

Mpakani kuna dalili nyingine ambazo hazitangazwi redioni. Wenye maduka hufunga mapema au huacha kuagiza mali mpya. Wabadilisha fedha hukataa kupokea shilingi ya upande wenye wasiwasi, au hushusha bei yake mara mbili kwa siku moja. Malori husimama foleni bila sababu ya forodha. Madereva wa matatu huulizana habari za njiani kabla ya kupakia. Familia huwapeleka watoto kwa ndugu wa mbali katikati ya muhula. Dalili moja peke yake haitoshi, maana duka hufungwa pia kwa msiba. Zikikutana mbili au tatu ni busara kuahirisha safari. Watu wa Tarime, waliopitia mapigano ya koo yaliyosababishwa na wizi wa mifugo na mipaka ya ardhi, hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Kinachowaponza ni kudhani kwamba ujuzi huo ni wa nyumbani tu.

Uvumi ni kichwa kingine. Januari 2008 Wakenya kadhaa walianzisha tovuti iliyoitwa Ushahidi, iliyokusanya taarifa za wananchi kwa simu na intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Faida yake ilikuwa kwamba taarifa ilikuwa na mahali na wakati. Kipimo hicho kinamfaa msafiri yeyote: ujumbe usiosema wapi, lini na nani aliyeona haufai kuamuliwa nao safari.

Hatua za kujilinda

Msafiri avuke kwa kituo rasmi, awe na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria iliyogongwa muhuri, na awaachie watu wa nyumbani nakala pamoja na namba ya mwenyeji wake. Ratiba ya uchaguzi wa nchi aendayo aijue. Safari isiyo ya lazima isipangwe kati ya siku ya kura na siku chache baada ya kuapishwa kwa mshindi. Awe na fedha taslimu za nchi zote mbili, kwa kuwa huduma za fedha kwa simu hutegemea mtandao na mawakala, nao hufunga.

Ghasia zikimkuta, kukaa ndani kwa mwenyeji anayeaminika kwa kawaida ni salama kuliko kukimbilia barabarani. Wengi huumia wakijaribu kurudi nyumbani haraka. Akae mbali na mikusanyiko na vituo vya kuhesabia kura, asipige picha za askari wala vijana wenye silaha, asivae rangi wala kofia ya chama, na asijadili siasa za wenyeji hata akichokozwa. Kabla ya kuondoka aulize hali ya barabara yote, si ya kijiji cha kwanza tu.

Mtanzania aliyeko Kenya anaweza kuomba msaada wa ubalozi wake mjini Nairobi. Ubalozi humsaidia kwa urahisi zaidi yule ambaye unajua yuko wapi, kwa hiyo wanafunzi na wafanyakazi wanaokaa muda mrefu hushauriwa kujiandikisha mapema. Mapigano yalipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi Watanzania walitolewa Sudan kwa barabara hadi Ethiopia na kurudishwa nyumbani kwa ndege.

Tahadhari hizi zinamhusu pia Mkenya anayeingia Mara. Wakati wa uchaguzi mkuu wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 kulitokea ghasia, intaneti ilikatwa nchini na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Safari hiyo waliokuwa wakipiga simu kuulizia ndugu zao walikuwa upande wa Isebania.