Meya wa Nakuru hakuchaguliwa na wakazi

Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007, wakazi wa Nakuru walimpigia kura diwani wa wadi yao, wala si meya. Meya alichaguliwa baadaye na madiwani wenyewe, wakiwemo walioteuliwa na Waziri wa Serikali za Mitaa. Hivyo kura chache ukumbini ziliweza kuamua atakayevaa mkufu wa umeya. Mabaraza ya miji yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Ajabu ni kwamba Nakuru ilipopandishwa hadhi Desemba 1, 2021, kuwa jiji la nne nchini, haikurudishiwa meya. Jiji husimamiwa na bodi na meneja, chini ya kaunti ambayo gavana wake huchaguliwa na wote, kuanzia Longonot hadi Molo.