Joto la Oili Ndani ya Injini

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni namba hizi tatu: 90, 100 na 110. Tutazirudia baadaye.

Huenda darasani kwenu yumo dereva, au utingo, au mtu ambaye nduguye ni dereva. Mtu huyo anajua kwamba injini ikifa, chakula cha nyumbani nacho hupungua. Mara nyingi kisa chake ni oili. Basi leo tusome habari ya oili na joto lake, tangu zamani mpaka sasa.

Sugua viganja vyako upesi upesi. Je, vimepata joto? Vivyo hivyo chuma kikisuguana na chuma. Oili ina kazi mbili kubwa: huzuia vyuma visilane, na huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki.

Hapo zamani injini za mvuke zilipakwa mafuta ya wanyama. Mafuta hayo yalifaa kwa gurudumu la mkokoteni, lakini katika joto la mvuke yaliharibika, yakawa makali, yakala chuma. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta ya ardhini huko Titusville, Marekani. Miaka saba baadaye, yaani 1866, daktari mmoja aitwaye John Ellis alitumia mafuta ya namna hiyo kulainisha injini za mvuke. Yalistahimili joto kuliko mafuta ya wanyama.

Sasa sikilizeni habari ya Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka Marekani wakakimbilia Kanada, na huko akazaliwa. Alisomea uhandisi Scotland. Aliporudi alitafuta kazi katika reli ya Marekani, lakini kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, hakupewa kazi ya uhandisi. Alipewa kazi ya kutia makaa na kupaka oili. Wakati ule gari moshi lilisimama mara kwa mara ili vyuma vipakwe oili kwa mkono. McCoy hakukaa kunung'unika tu. Alitengeneza kikombe kilichodondosha oili chenyewe huku injini ikienda, na mwaka 1872 akapewa hati ya kukimiliki. Kazi waliyomdharau nayo ndiyo iliyompa sifa.

Kisha yakaja magari ya petroli. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, halikuwa na pampu ya oili wala geji yake. Gurudumu zito la injini lilirusha oili kama mtu anayechota maji kwa kata. Dereva aliyetaka kujua kama oili inatosha aliingia chini ya gari akafungua bilula ndogo. Kama haikutoka kitu, ilimpasa kuongeza.

Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho kwa kifupi SAE, kilitoa kanuni ya kwanza ya kupanga oili kwa uzito wake. Baadaye zikaja namba mnazoziona juu ya kopo, kama 15W-40. Namba yenye herufi W yaonyesha oili inavyotiririka katika baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za sentigredi. Kwa nini 100? Kwa sababu oili ya injini iliyokwisha kupata moto huwa karibu na hapo.

Sasa tazameni ubao. Katika safari ya kawaida, oili huwa kati ya nyuzi 90 na 110. Ukipanda Kitonga na mzigo mzito, yaweza kufika 120, usishtuke. Ikipita 130, punguza mwendo au pumzisha gari, kwani oili huanza kuchakaa upesi.

Oili baridi nayo ina hasara. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na baadhi yake huingia katika oili. Oili ikipata moto vizuri, maji hayo hutoka. Gari liendalo sokoni na kurudi tu, mwendo wa dakika tano, halipati nafasi hiyo. Kwa hiyo oili yake ibadilishwe mapema.

Tena, jihadharini. Geji ya joto katika magari mengi hupima maji, haipimi oili. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Geji ikikuambia maji yako tayari, nenda polepole bado kwa muda. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, chomoa kijiti, ukipanguse, ukirudishe, kisha ukisome. Oili kidogo hupata moto upesi kuliko oili ya kutosha.

Mwaona, wanafunzi, kusoma si kwa barua tu. Namba juu ya kopo na alama juu ya kijiti ni maandishi pia, na asiyeyasoma hulipa fundi.

Maswali:
1. Kwa nini mafuta ya wanyama hayakufaa katika injini za mvuke?
2. McCoy alitengeneza nini mwaka 1872?
3. Joto la kawaida la oili ni nyuzi ngapi?
4. Soma kopo la oili lililo karibu nawe. Andika namba zake katika daftari.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.