Habari za Ukanda wa Mbwa Mjini Nairobi

Mwezi wa Machi mwaka 1899, Mfaransa aitwaye Victor Loret, alipokuwa akifukua makaburi ya kale katika Bonde la Wafalme huko Misri, alilikuta kaburi la bwana mmoja jina lake Maiherpri, na miongoni mwa mali aliyozikwa nayo ilikuwamo mikanda miwili ya ngozi yenye nakshi, iliyopata kuvaliwa na mbwa zaidi ya miaka 3000 iliyopita, na mmojawapo ulikuwa umeandikwa jina la mbwa mwenyewe, Tantanuit. Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Mei, reli ya Uganda iliwasili penye kinamasi cha maji baridi ambako Wamaasai walizoea kunywesha ng'ombe wao, na hapo ukaanza mji wa Nairobi. Nayataja mambo haya mawili pamoja ili ionekane kwamba ukanda ni mkongwe mno na mji ni mchanga, na kwamba swali linaloulizwa leo na watu wa Kileleshwa na Lavington, yaani kama mbwa huona raha au dhiki kwa kitu kile tunachomfunga shingoni, limechelewa sana kuulizwa. Waliomvisha mbwa ukanda katika mji huu walikuwa na haja zao, na haja hizo zilibadilika zama kwa zama, lakini raha ya mbwa haikuwa miongoni mwake.

Mbwa walikuwapo katika nyanda hizi kabla ya reli. Wakikuyu walikuwa nao wa kulinda boma na shamba, Wamaasai wa kufuatana na mifugo, na wawindaji wa misitu ya Ngong wa kuandama mnyama. Nao kwa kawaida hawakuhitaji alama, maana mbwa alimjua mwenyewe, na mwenyewe alimjua mbwa wake, na majirani waliwajua wote wawili. Mbali magharibi, katika msitu wa Ituri huko Kongo, wawindaji huwavisha mbwa wao njuga ya mti, kwa kuwa mbwa wale hawabweki kama wengine na mwindaji hutaka kujua walipo kichakani; hicho ni kitu cha shingoni kilichobuniwa kwa kazi ambayo mbwa na mtu huifanya pamoja. Katika mji wa reli, uliojaa wageni wasiojuana, Wahindi, Waswahili, Wasomali, Wazungu na wenyeji waliokuja kutafuta kibarua, ujirani wa namna ile ulikatika, na mbwa akawa kiumbe asiyejulikana ni wa nani.

Lililomleta mbwa mbele ya serikali ni maradhi. Mwaka 1912 kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii, na aliyekutwa nacho alikuwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza aliyethibitishwa kuugua alikuwa mwanamke wa upande wa Ziwa Viktoria, mwaka 1928. Watawala Waingereza walitoka katika nchi iliyokwisha kuyafukuza maradhi hayo mwaka 1902 kwa amri kali za kuwafunga mbwa midomo na kuwazuia waingiao kwa meli, na kwa hiyo fikira yao ilikwenda mara moja kwenye udhibiti: mbwa mwenye mwenyewe ajulikane, na asiye na mwenyewe aondolewe. Fikira hiyo ndiyo iliyo ndani ya Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365 katika sheria za Kenya, inayowapa madaktari wa mifugo na polisi mamlaka juu ya mbwa wanaozurura. Tangu hapo shingo ya mbwa ikawa mahali pa kusomwa. Mbwa mwenye ukanda alikuwa na mtu wa kumdai. Mbwa mtupu, anayetafuta mabaki kandokando ya machinjio ya Dagoretti au majalalani, aliweza kupigwa risasi au kutegewa nyama yenye sumu. Kwa miaka mingi, basi, ukanda ulikuwa ndio amani ya mbwa, na mtu aliyempenda mbwa wake alimvisha hata kama ulimwasha, maana kuwashwa kulikuwa heri kuliko kufa.

Hapa habari ya mbwa inagusana na habari ya binadamu, nami nailetea moyo wangu wote, kwa kuwa ni jeraha la mji huu. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita mnamo miaka ya 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na maandishi ya mwajiri juu ya kazi na ujira, iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Baba wa watu, mwenye mke na wana na ardhi ya mababu, alisimamishwa njiani na askari na kuambiwa akitoe kikopo chake, na asipokuwa nacho alikwenda gerezani. Harry Thuku, kiongozi wa upinzani wa Waafrika, alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa madhila aliyokuwa akiyapinga. Na siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk, ukiongozwa kwa ujasiri wa Muthoni Nyanjiru, ulimiminiwa risasi, na Muthoni akafa pamoja na wengine, na serikali yenyewe ilikiri kuwa waliokufa walifika 21. Njia ipitayo mahali pale sasa inaitwa kwa jina la Thuku. Kipande kiliendelea kuvaliwa hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wazee waliovaa kikopo kile hawakulalamikia uzito wa bati. Walilalamikia idhilali, kwa kuwa mwanadamu hufahamu maana ya kitu alichofungwa. Mbwa hana habari ya maana hiyo. Kumwonea huruma kwa sababu ukanda wake unatukumbusha utumwa ni kumtwika huzuni yetu wenyewe, na kudhani hana dhiki kwa sababu hajui aibu ni kumdhulumu kwa njia nyingine. Hali yake ijulikane kwa koo lake, kwa ngozi yake, na kwa mwendo wake.

Wakati watu wakivaa kipande, chini ya vilima vya Ngong palikuwa na shamba la kahawa la bibi wa Kidenmaki, Karen Blixen, aliyekaa huko kuanzia 1914 hata 1931, na mbwa wake walikuwa wa ile jamii ya Uskoti wafugwao kwa kuwinda paa, warefu, wenye manyoya magumu ya rangi ya moshi. Wa kwanza, aliyeitwa Dusk, alikuwa zawadi ya arusi yake. Mbwa wa jamii za mbio wana umbile ambalo mafundi wa ngozi hawana budi kulizingatia: shingo yao ni nene karibu sawa na kichwa, hata ukanda wa kawaida huchomoka kwa kupita juu ya masikio, na ukikazwa ili usichomoke humkaba. Kwa hiyo hufanyiwa ukanda mpana, unaotandaza nguvu juu ya shingo nzima badala ya kuikata kama uzi. Mtaa uliomea mahali pale pa shamba huitwa Karen mpaka leo, na hakuna mtaa mjini ambamo mbwa wanakaa kwa nafasi kuliko huo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nyumba za magharibi mwa mji zilipata wenyewe wapya, na wenyewe wapya waliwarithi mbwa pamoja na malango, na ile ilani ya bati isemayo Mbwa Kali ikaenea kutoka Westlands hadi Lang'ata. Mbwa akawa mlinzi, na ukanda ukageuka kazi yake: zamani ulimtambulisha, sasa ukawa pingu ya mnyororo. Iliaminiwa, na wako wanaoamini hata leo, kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa huwa mkali usiku. Ni kweli huwa mkali, lakini ni ukali wa kiumbe aliyechanganyikiwa, anayemwuma mtoto wa nyumba sawasawa na mwizi. Tena mahali kama Lang'ata, panapopakana na Mbuga ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1946, chui huingia viwanjani usiku kutafuta mbwa, na mbwa aliye mnyororoni hawezi kupigana wala kukimbia.

Atazamaye kwa karibu shingo ya mbwa wa namna hiyo ataona mambo ambayo mwenye nyumba, apitaye langoni kwa gari asubuhi na jioni, hayaoni. Manyoya ya chini ya ukanda yamelala na kukatika, na mahali kulabu ya mnyororo inapogonga pamebaki upara wa rangi ya majivu. Ngozi ni nene na baridi, na ukiinusa ina harufu ya uvundo wa kamba mbichi. Baya kupita yote ni la mwanambwa aliyefungwa kipande cha mpira wa baiskeli au uzi wa katani alipokuwa na miezi miwili, kisha akasahauliwa. Shingo hukua, uzi haukui, na baada ya miezi michache nyama huufunika, hata daktari wa mifugo hulazimika kumlaza kwa dawa ya usingizi na kuukata kutoka ndani ya jeraha. Hakuna aliyekusudia ukatili huo, na kwa hakika aghalabu hutendwa na watu wanaompenda mbwa wao. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa hapa tangu mwaka 1910, kikiitwa cha Afrika Mashariki, na warithi wake wangali wakifanya kazi upande wa Karen.

Wataalamu nao wamelishughulikia koo la mbwa kwa vipimo. Mwaka 2006 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa macho 51 ya mbwa 26, ukabainisha kwamba mbwa avutaye kwa ukanda wa shingoni huongezekewa na msukumo ndani ya jicho, na avutaye kwa mkanda wa kifuani haongezekewi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walipima aina mbalimbali za mikanda juu ya shingo ya bandia, nao hawakuona hata mmoja ambao, ukivutwa kwa nguvu, ungesalimisha shingo. Lakini ukanda uliolegea kiasi, usiovutwa na mtu wala mnyororo, ni jambo lingine kabisa: mwanambwa hujikuna siku za kwanza, hujizungusha, huuguguna ukingo wake, kisha huuzoea, na asipouzoea ni dalili kwamba umembana au una kiroboto chini yake.

Na wala si lazima tungoje maabara ya wageni ili tulijue hili. Waswahili waliopanda bara pamoja na reli walikuja na adabu ya Kishafii, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito itakayo kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ila adabu hiyohiyo humruhusu mtu kuwa na mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba, wala haimruhusu kumtesa. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume aliagiza pasiachwe shingoni mwa ngamia kidani cha upote wa uta ila kikatwe. Imamu Malik aliona sababu ni kwamba watu wakikivisha kwa kukinga kijicho. Lakini Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alieleza kwamba ilihofiwa kisije kikamkaba mnyama koo. Mimi nastaajabia maelezo haya ya pili kila niyakumbukapo, kwa kuwa mwanachuoni yule aliuona upote kwa upande wa shingo inayouvaa.

Siku hizi ukanda umekuwa biashara na pambo. Wachuuzi huuning'iniza mikononi kati ya magari yaliyokwama Waiyaki Way, pamoja na minyororo na vitakasa vioo. Katika soko la Kariokor, lililochukua jina lake kutoka kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, mafundi hukata ngozi, huitoboa kwa msharasi, na kuishonea shanga kwa nakshi za Kimaasai, na mikanda hiyo huvuka bahari kwenda kuvaliwa na mbwa wa Ulaya na Marekani. Ni kazi nzuri, na ngozi yake ikipakwa mafuta huwa laini, lakini mnunuzi mwangalifu huugeuza ukanda ndani nje kwanza, akapitisha kidole juu ya mishono, kwa kuwa uzi uliochomoza upande wa shingo husugua kuliko chuma. Kisha akishaufunga bizimu hupima kama vidole viwili vinapita bila kushurutishwa, na kama mbwa bado anakua hurudia kipimo hicho kila wiki.

Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kudhibiti na kutunza mbwa mwaka 2015, inayomtaka mfugaji awe na leseni, na taifa lina mpango uliozinduliwa mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo wataka angalau mbwa saba katika kila kumi wachanjwe kila mwaka, na hapo ukanda hupata kazi ambayo naiona kuwa bora kupita zote zilizotangulia. Siku ya chanjo, mbwa wa Kawangware na Kangemi huletwa aghalabu na watoto. Aliyezoeshwa ukanda tangu udogoni, kwa upole na bila mnyororo, huja akiongozwa kwa kamba na mtoto wa miaka minane, akasimama, akadungwa, akarudi nyumbani. Aliyeujua ukanda kwa kukabwa tu huanza kuuma mara aonapo mkono unaelekea shingoni mwake, na wengi wa namna hiyo hurejea bila chanjo.