Udhuru wa Kimya

Panapozungumzwa mitandao ya kijamii na urafiki wa vijana walio katika umri wa kubaleghe, aghlabu mazungumzo huishia kwenye saa: barobaro ameshinda saa ngapi na simu, kigori amelala usiku wa manane. Hesabu hiyo ina maana yake. Lakini lipo jambo dogo kwa umbo ambalo limeugeuza urafiki wa rika hilo kuliko wingi wa saa, nalo ni kuondoka kwa udhuru. Zamani rafiki akinyamaza, yalikuwapo mengi ya kumtetea. Siku hizi kimya chake kina ushahidi.

Watu wa mwambao walikijua kimya chenye udhuru tangu enzi za majahazi. Barua ya kutoka Unguja kwenda Maskati ilingoja kusi, na jibu lake likangoja kaskazi. Miezi yote ya katikati, rafiki aliyeko ng'ambo hakuhesabiwa mtovu wa adabu. Lawama zilibebwa na upepo. Meli za moshi za British India zilianza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja mwaka 1872, na mwaka 1879 waya wa simu ukatandazwa chini ya bahari baina ya bandari hizo mbili, lakini waya huo ulikuwa wa serikali na matajiri. Wengine wote, wazee kwa vijana, waliendelea kusubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa sehemu ya urafiki.

Simu za mkononi zilipoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, udhuru haukufa, ulibadili nguo tu: "sina salio", "chaji iliisha", "mtandao ulikuwa haushiki". Vijana ndio waliokuwa na salio dogo kuliko wote, na katika uchache huo wakajifunza kubipu. Mtafiti Jonathan Donner, aliyeichunguza desturi hiyo nchini Rwanda na kuchapisha makala yake mwaka 2007, alizitenga bipu za aina tatu: ya kumwomba mwenzio akupigie, ya kutimiza jambo mlilokwisha kuagana, na ile isiyodai kitu, ya kumjulisha tu kwamba umemkumbuka. Hiyo ya tatu ni johari. Haikugharimu senti, haikuacha neno, na aliyeipokea hakulazimika kujibu. (Ujumbe mfupi wa simu nao, uliotumwa kwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 3 Disemba 1992, ulipewa nafasi ya herufi 160. Wapenzi wa tarbia na wahesabu: ubeti wa mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja, pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno, hukaribia kiasi hicho hicho.)

Wakati huo huo, huko Marekani mambo yalikuwa yameshika njia nyingine. MySpace, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilikuja kuweka katika ukurasa wa kila mtu nafasi nane za marafiki wake wakuu, wamepangwa wa kwanza hadi wa nane, hadharani. Mtafiti danah boyd, ambaye huliandika jina lake kwa herufi ndogo, alieleza mwaka 2006 magomvi yaliyozuka kwa sababu ya orodha hiyo. Daraja za namna hii zimo vifuani mwa watu wote, na adabu ni kutozitamka. Facebook, iliyofunguliwa Septemba 2006 kwa kila mwenye miaka 13 au zaidi, haikupanga daraja, bali iliandika idadi. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, ukipitia Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya pwani hii iliongezeka kasi, na hesabu hizo zikawa zetu pia.

Kilichosalia kilikuwa kimya chenyewe. BlackBerry ilikwisha kuweka herufi mbili katika huduma yake ya ujumbe, D kwa uliofika na R kwa uliosomwa, lakini simu hizo hazikuwa mikononi mwa wengi. Novemba 2014 WhatsApp, iliyokuwa imenunuliwa na Facebook mwaka huo huo, ikazigeuza alama zake mbili za kijivu ziwe za buluu pindi ujumbe usomwapo. Malalamiko yalikuwa mengi, na baadaye ikatolewa njia ya kuzizima, kwa sharti kwamba azimaye zake haoni za wenziwe. Mtu mzima huweza kupuuza, maana ana kazi, ndoa na misiba ya kumshughulisha, na wenziwe wanajua. Kijana wa miaka 15 hana upepo wa kuulaumu wala salio la kusingizia. Ujumbe umesomwa saa mbili na robo usiku, jibu halijaja, na anayengoja anaiona hiyo saa.

Mwaka 2015 Snapchat ikazidisha. Marafiki wawili wakitumiana picha kila siku bila kuruka, mchoro wa moto huwaka kando ya majina yao pamoja na idadi ya siku. Siku moja ikipita bure, hesabu hufutika. Wapo vijana waliosafiri wakawaachia wenzao neno la siri la akaunti, kama mtu aachaye ufunguo wa nyumba, ili moto usizimike. Na picha zenyewe za nini? Mara nyingi za dari, au za sakafu.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba mitandao imewatenga vijana. Uchunguzi wa Pew uliotolewa mwaka 2015 juu ya Wamarekani wa miaka 13 hadi 17 uliona kwamba asilimia 57 walikwisha kupata rafiki mpya mtandaoni, ingawa ni asilimia 20 tu waliokutana na rafiki wa namna hiyo uso kwa uso. Katika kitabu chake cha mwaka 2014, boyd aliona kwamba wanachokitamani vijana si simu bali ni wenzao, ambao wazazi na ratiba za shule zimewazuia kukutana nao mitaani. Na jamaa waliotawanyika baina ya Unguja, Pemba na Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 wana wajukuu ambao leo wanaweza kutaniana kila jioni bila kungoja msimu. Hiyo si faida ndogo.

Serikali nazo zimeanza kuingia. Tangu tarehe 10 Disemba 2025, sheria ya Australia inazitaka kampuni kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao kadhaa, Snapchat ikiwamo. WhatsApp haikuguswa, kwa kuwa ilihesabiwa chombo cha kutumiana ujumbe. Kwa hiyo, kisheria, moto umezimwa huko na buluu imebaki.

Vijana wenyewe hawakungoja sheria. Husoma ujumbe unapochungulia juu ya kioo cha simu, kabla ya kuufungua. Au hukata intaneti kwanza, wakaufungua, na rangi haibadiliki mpaka watakapoirudisha. Hujipatia hivyo dakika kumi, au usiku mzima, wa kufikiri la kumjibu rafiki. Na mwenzao, akiziona zile alama mbili bado ni za kijivu, hudhani wamelala.