Sauti ya Baba Kwenye Spika

Wadau, mwaka 2015 wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu nilikuwa Bariadi. Gari la matangazo likapita mtaani, muziki ukakatika, ikaingia sauti ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa ile hotuba ya Mei Mosi 1995 kule Mbeya, anapowaonya wanaotafuta Ikulu kwa fedha. Hajamaliza, mtangazaji akadakia: basi mpigieni kura fulani!

Jamani, Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Huyo "fulani" alimtaja lini?

Bibi yangu alikuwa uani akipepeta mtama. Akaacha ungo, akasikiliza mpaka gari likapotea. Kisha akasema, "Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyotuhamisha."

Sikumwelewa mpaka niliposoma historia chuoni. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwisho ni 1976. Mwaka 1974 operesheni ikafika Shinyanga, mkoa ambao Bariadi ilikuwa ndani yake hadi Simiyu ilipozaliwa 2012. Wasukuma waliozoea kukaa mbalimbali, kila kaya na pamba yake na malisho yake, wakaambiwa wasogee pamoja. Zilikuja shule na zahanati, ndiyo. Lakini kuna waliofika kijiji kipya msimu wa kilimo hawana paa. Na redio iliyokuwa ikiwaeleza haya yote ilikuwa moja tu, Redio Tanzania.

Kwa hiyo bibi alimjua baba anayeonya na baba anayeamuru. Tangazo lilichukua nusu tu.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2023 kampuni ya Volkswagen nchini Brazil ilitoa tangazo ambamo mwimbaji Elis Regina, aliyefariki 1982, anaimba pamoja na binti yake Maria Rita. Sura yake iliundwa kwa kompyuta. Binti aliridhia, wengi wakalia machozi. Wengine wakauliza: mama huyu aliyeupinga utawala wa kijeshi, angekubali kuiuzia magari kampuni iliyokiri kuwa wafanyakazi wake waliandamwa enzi hizo? Baraza la matangazo la huko lilipokea malalamiko, likayachunguza, likafunga jalada.

Angalau kule aliulizwa mtoto. Sisi tunamwita Mwalimu Baba wa Taifa, basi kila mwenye spika anajiona mrithi. Tuna sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa, lakini kuenzi si kukata sentensi katikati.

Mimi sisemi sauti ile ifungiwe kabatini. Ipigwe, ila tuambiwe ilisemwa wapi na lini, na tuachiwe tusikie hadi mwisho. Marehemu hawezi kusema "hapana, sikumaanisha hivyo." Bibi yangu alikuwapo kulisema hilo kwa niaba yake. Wenzake wakiisha, nani atasema?